Ringi za bure zilizokuja na darubini: zinatosha, au ndizo zinazonihamishia risasi?

#1 MtutuMpya
Wakuu habari. Nina CZ 457 ya .22LR, nalenga shabaha mita 50 kwenye klabu yetu nje kidogo ya Nairobi. Leseni ipo, uanachama upo, kwa hiyo tusianzie huko. Juu yake kuna darubini ya 4-12x44 (inakuza mara 4 hadi 12, lenzi ya mbele milimita 44), bomba la inchi moja, na ringi (vile vibano vinavyoishika darubini juu ya bunduki) zilizokuja bure ndani ya boksi.

Shida ni hii. Saa mbili asubuhi naweka ziro (narekebisha darubini ili risasi ipige pale ninapolenga), matundu yanakaa katikati safi. Ikifika saa saba mchana, bila kugusa tareti (vifundo vya kurekebisha darubini), kundi zima limehamia juu kulia kama sentimita 2. Halitawanyiki, linahama tu. Jumamosi inayofuata asubuhi nalikuta limerudi, au karibu lirudi.

Nina kama laki moja ya Kenya ya kuboresha. Mimi msimamo wangu ringi ni ringi, vyuma viwili na skrubu, pesa yote iende kwenye darubini kubwa. Jamaa mmoja wa klabu anasema nianze na ringi. Nani anadanganya hapa?

#2 Msomaji_Kimya
Nimeshika siti ya mbele. Ila uzi wa bunduki bila picha ni umbea.

#3 Babu_Brno
Jamaa wa klabu yuko sahihi. Darubini ya bei mbaya juu ya ringi mbovu ni mzigo tu umeubebesha bunduki.

Mimi nina Brno ZKK 602 ya .375, reli yake ya milimita 19, na ringi zake ni za reli hiyo tu, hazikai kwingine. Zamani mtu akinunua bunduki anauliza ringi kwanza, darubini baadaye. Na kwenye .375 ukichezea ringi, darubini yenyewe inakuja kukufundisha adabu. Hapa Arusha nimewaona wageni wa uwindaji wanarudi kambini na kovu la nusu duara juu ya nyusi, damu mpaka kwenye kola, na bado wanasema bunduki ina kasoro.

#4 Binti_Shabaha
Shikamoo Babu. Ila .22 haina teke la .375, tusimtishe kijana.

MtutuMpya, swali moja kabla ya ringi: hiyo darubini ina kirekebisha paralaksi? Yaani gurudumu la pembeni, au pete ya kuzungusha kwenye lenzi ya mbele yenye namba za umbali. Kama haina, kitabu chake kinasema ilifungwa umbali gani kiwandani?

#5 MtutuMpya
@Binti_Shabaha haina. Kitabu kinasema yadi 100.

#6 Binti_Shabaha
Basi nimeshapata mtuhumiwa wangu. Darubini iliyofungwa yadi 100 imetengenezwa kwa ajili ya risasi kubwa. Zile za .22 hufungwa yadi 50. Ukiangalia shabaha ya mita 50 kwa hiyo yako, picha ya shabaha na msalaba wa kulengea havikai bapa moja ndani ya bomba. Jicho likihama kidogo, msalaba nao unahama juu ya shabaha ingawa bunduki haijasogea hata kidogo.

Jipime hivi: laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, isiyo na risasi, msalaba uwe katikati ya shabaha. Toa mikono kabisa. Chungulia huku ukipandisha na kushusha kichwa, halafu kushoto na kulia. Ukiona msalaba unaogelea, hiyo ndiyo paralaksi. Asubuhi una nguvu, shavu linakaa pale pale kwenye kitako. Saa saba umechoka, shingo imelegea, shavu limepanda. Kundi linahama bila kutawanyika kwa sababu unakosea kwa namna ile ile kila risasi.

#7 Daktari_Namba
Binti ameeleza vizuri, tutie namba. Kosa kubwa kabisa la paralaksi ni nusu ya kipenyo cha lenzi ya mbele, mara tofauti ya umbali, gawanya kwa umbali ule wa kiwandani. Nusu ya 44 ni 22. Yadi 100 ni mita 91. Tofauti yake na 50 ni 41. Inakuja kama milimita 10.

Na hiyo ni pale jicho limekaa ukingoni kabisa, picha imeanza kuingia giza upande mmoja. Mtu wa kawaida hafiki huko. Kwa hiyo paralaksi inaweza kukudai sentimita 1 ikijitahidi sana. Wewe umepoteza 2. Nusu nyingine nani kaila?

#8 FundiTimazi
Kaila ringi. Mimi ni fundi wa mashine, Mwanza, silaha si kazi yangu ila vyuma ndiyo maisha yangu.

CZ ya .22 ina reli ya mkia wa njiwa ya milimita 11, imechongwa moja kwa moja kwenye mwili wa bunduki. Ringi za bure za boksini mara nyingi ni za Weaver au Picatinny, na kama ni za mkia wa njiwa basi zimetengenezwa "zikae popote", kuanzia inchi 3/8 (hiyo ni milimita 9.5) hadi 11. Kitu cha kukaa popote hakikai vizuri mahali popote. Halafu kuna pembe: wengine wanachonga reli kwa nyuzi 45, wengine 60. Ringi ya 45 kwenye reli ya 60 inang'ata kwa ukingo tu, mstari mwembamba kama wembe. Ukiikaza unaona imekaza. Haijakaza.

Na haihitaji kusogea sana. Ringi moja ikihama robo milimita tu, umeshapoteza sentimita 2 zako.

#9 Daktari_Namba
@FundiTimazi nakubaliana na hoja, si na robo. Sentimita 2 kwa mita 50 ni 0.4 kwa kila elfu. Ringi zikiwa zimeachana sentimita 10, hiyo ni milimita 0.04. Robo milimita ingempeleka sentimita 12 nje, angepiga shabaha ya jirani.

#10 FundiTimazi
Ndiyo maana unaitwa Daktari. 0.04 basi. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo, na hilo linazidi kunipa haki: nani kati yenu ataiona 0.04 kwa macho?

#11 Binti_Shabaha
Kwa macho hutaiona ila unaweza kuinasa. Chukua rangi ya kucha, vuta kamstari kembamba kanakopita juu ya ringi na bomba la darubini, kengine juu ya ringi na reli. Kamstari kakivunjika ujue kitu kimetembea. Mtu aniulize rangi gani inafaa, nyekundu inaonekana vizuri.

#12 Msomaji_Kimya
Mwanaume umeenda renji unarudi na rangi ya kucha mfukoni. Nyumbani utajieleza.

#13 Kijana_Upepo
Mimi sina leseni ya bunduki, nipo Uganda na natumia ya upepo, ya kuvunja mtutu, ya springi. Imeshaniua darubini mbili. Msalaba ulikatika ndani ukaning'inia. Kwa hiyo MtutuMpya, darubini yako huenda imekufa ndani kwa ndani. Badilisha.

#14 Mswahili_Ohio
@Kijana_Upepo pole, ila hizo ni dunia mbili. Bunduki ya springi ina mateke mawili: pistoni ikianza kwenda mbele, bunduki inarudi nyuma, pistoni ikifika mwisho na kugonga, bunduki inasukumwa mbele. Darubini nyingi zimetengenezwa zivumilie teke la kurudi nyuma tu. Hilo la pili ndilo linalong'oa lenzi na msalaba. Ndiyo maana kuna darubini zinazouzwa maalumu kwa bunduki za upepo, na ringi zenye kapini kanakoingia kwenye tundu la reli ili zisitembee nyuma. .22 ya bolti haina mambo hayo.

Sasa kwa MtutuMpya. Kabla hujanunua chochote: unatumia risasi gani, na boksi la mchana ni la loti moja (mkupuo mmoja wa kiwandani) na la asubuhi? Angalia namba kwenye ubavu wa boksi. .22 hubadilika loti kwa loti hata ikiwa kampuni ile ile, na mtutu uliozoea aina moja ukiupa nyingine unahitaji risasi kadhaa kabla haujatulia. Nimeona kundi linahama kwa kubadilisha boksi tu. Na boksi lako linakaa wapi? Likikaa juani mezani, baruti inapata joto, risasi inatoka kasi zaidi kidogo, inapiga juu. Si sana, milimita chache, lakini "juu" yako inaanza kueleweka.

#15 MtutuMpya
Loti moja, nanunua katoni. Linakaa mezani ndiyo, na meza iko juani kuanzia saa tano hivi.

#16 Wa_Muscat
Salaam alaykum jamaa. Hapa kwetu Oman joto silo la kusimuliwa. Bunduki ukiiacha nje kwenye jua, ule mwili wake wa chuma huugusi kwa mkono mtupu. Mimi nasema joto, si la risasi bali la ringi. Ringi za chuma, bomba la aluminiamu. Aluminiamu hutanuka karibu maradufu ya chuma. Bomba linabanwa mchana, usiku linalegea, kila siku hivyo hivyo. Mimi nilizitoa zile za chuma nikatia za aluminiamu, mambo yakatulia.

#17 Daktari_Namba
Wa_Muscat, alaykum salaam. Tofauti ya kutanuka kati ya aluminiamu na chuma ni kama sehemu 11 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Bomba la 25.4, joto lipande nyuzi 30: milimita 0.008. Tena inatanuka pande zote sawasawa, ringi ya mbele na ya nyuma pamoja. Haielekezi risasi juu wala kulia.

#18 Wa_Muscat
Pande zote sawasawa kwenye karatasi. Jua linapiga upande mmoja, bwana. Upande wa jua na upande wa kivuli havitanuki sawa.

#19 Daktari_Namba
Hapo umenibana. Sina jibu.

#20 Mpwa_wa_Mbeya
Samahani naingilia. Hizo Weaver na Picatinny tofauti yake nini? Muuzaji aliniambia ni kitu kimoja majina mawili.

#21 FundiTimazi
Si kitu kimoja. Picatinny ni kipimo cha jeshi la Marekani, kilitoka 1995: mfereji una upana wa milimita 5.23, na mfereji hadi mfereji ni milimita 10.01, mwanzo wa reli hadi mwisho. Weaver ni ya zamani kuliko hiyo, mfereji ni mwembamba, 4.57, na nafasi kati ya mifereji kila mtu aliweka anavyotaka. Kwa hiyo ringi ya Weaver kwa kawaida inaingia kwenye reli ya Picatinny, ila bolti yake inacheza kidogo mferejini; unaisukuma mbele kuelekea mtutuni kabla ya kukaza. Ringi ya Picatinny kwenye reli ya Weaver mara nyingi inagoma.

Na ile ya milimita 11 ya CZ si Weaver wala Picatinny. Unaweza kununua adapta inayokaa juu yake na kukupa Picatinny, nyingine zina mteremko wa dakika 20.

#22 Mpwa_wa_Mbeya
Dakika 20? Za saa?

#23 Mswahili_Ohio
Za pembe. Nyuzi moja ina dakika 60. Dakika moja kwa mita 100 ni milimita 29. Adapta yenye mteremko wa 20 inainamisha pua ya darubini chini kiasi hicho, ili tareti ibaki na nafasi ya kupandisha ukipiga mbali. .22 iliyowekwa ziro mita 50, ukifika mita 100 imeshuka karibu sentimita 20, na baada ya hapo inaporomoka vibaya. Anayepiga mita 200 anaihitaji. MtutuMpya anayebaki mita 50 haihitaji hata chembe, asiuziwe.

#24 MtutuMpya
Asanteni. Sasa tufike kwenye darubini yenyewe. Muuzaji ananishauri bomba la milimita 30 badala ya inchi moja kwa sababu linaingiza mwanga mwingi. 6-24x50. Je?

#25 Mswahili_Ohio
Bomba halina uhusiano na mwanga namna hiyo. Mwanga unategemea lenzi ya mbele, ubora wa kioo, na ukuzaji uliochagua. Gawanya lenzi kwa ukuzaji: 50 kwa 24 unapata milimita 2, ndiyo duara la mwanga linaloingia jichoni. Punguza hadi 12 unapata 4. Bomba la 30 linakupa kitu kingine: nafasi zaidi ya kusogeza msalaba juu na chini, ukuta mnene kidogo. Kwa mita 50 unalipia usichotumia. Ila darubini nyingi za shabaha siku hizi ni 30 au 34, huna jinsi sana.

Ukuzaji wa 24 kwa mita 50 utaupenda asubuhi. Mchana utaona mvuke wa ardhi unacheza, shabaha inaogelea, na utaurudisha 14 mwenyewe. Mimi napiga F-TR (mashindano ya shabaha za mbali kwa darubini), mita 600 na kuendelea, .308. Pale watu wana Nightforce ya 15-55x52 au Vortex Golden Eagle ya 15-60x52, kliki (hatua moja ya tareti) za thumuni ya dakika, na bado siku ya joto wengi wako 25 hadi 30 tu. Tena sisi bunduki nzima pamoja na darubini na miguu haitakiwi kuzidi kilo 8.25, kwa hiyo mtu anapima ringi kwa gramu.

Kinachokufaa wewe: paralaksi inayorekebishika hadi mita 25 au chini yake, kliki zinazoeleweka, msalaba mwembamba. Mengine mapambo.

#26 Binti_Shabaha
Naongeza: hesabu kliki kabla hujalipa. Robo dakika kwa mita 50 ni milimita 3.6. Thumuni ni 1.8. Ile ya sehemu 0.1 ya mil (mil ni sehemu moja katika elfu ya umbali) ni milimita 5, na duara la 10 kwenye shabaha ya mita 50 ni milimita 10.4 tu. Kliki mbili za mil umeshalivuka. Mil ni nzuri kwa watu wa masafa, si kwa sisi wa nukta.

#27 MtutuMpya
@Mswahili_Ohio, huko kwenu bei ni nusu ya hapa. Ukija likizo Desemba huwezi kunibebea moja kwenye begi?

#28 Mswahili_Ohio
Hapana, na usimwombe mwingine. Darubini za bunduki zimo kwenye orodha ya bidhaa ambazo Wizara ya Biashara ya Marekani inadhibiti utokaji wake. Kupeleka Kenya au Tanzania kunahitaji kibali, hata ikiwa begini kati ya soksi. Ndiyo maana maduka mengi ya mtandaoni ya huku yanagoma kutuma nje. Kuna nzuri za Ulaya na Japani, tafuta kwa muuzaji mwenye leseni hapo kwenu.

#29 Msimamizi
Hapo kwenye kubebeana tuishie hapo. Kenya fuateni sheria ya silaha, Sura ya 114, Tanzania sheria ya silaha ya 2015. Endeleeni na ringi.

#30 Mkenya_Surrey
Habari za huko nyumbani. Mimi huenda Bisley, renji ya huku Uingereza, nalenga bila darubini, ile ya tundu la nyuma na duara la mbele. Ndiko lilikohamia 1890 shindano la Malkia Victoria lililoanza 1860 kule Wimbledon. Kwa macho yangu tatizo la MtutuMpya ni mwanga. Jua likibadilika upande, shabaha inaonekana imehama. Wazee wa renji wanalijua hili. Mwanga ukizidi, unapandisha.

#31 Babu_Brno
Kweli kabisa! Nilikuwa nasubiri mtu aseme. Jua la asubuhi liko mashariki, la mchana liko kichwani. Hiyo "juu" ndiyo hiyo.

#32 Binti_Shabaha
Babu na Mkenya_Surrey, hilo ni la sabadani (vilengeo vya chuma visivyo na kioo), si la darubini. Jicho linajaribu kulinganisha vitu vitatu vilivyo umbali tofauti, mwanga ukipiga mlingoti wa mbele upande mmoja unaonekana umehama. Darubini inaweka msalaba na shabaha bapa moja. Jua lizunguke litakavyo.

#33 Mkenya_Surrey
Zikiwa bapa moja. Wewe mwenyewe #6 umesema zake haziko bapa moja.

#34 Binti_Shabaha
😂 Haya, nimenyamaza kwa leo.

#35 Kijana_Upepo
Kwani kwenye Olimpiki wanatumia darubini gani?

#36 Binti_Shabaha
Hawatumii. Bunduki ya upepo mita 10 na ya .22 mita 50, kanuni za ISSF (shirikisho la dunia la michezo ya shabaha) hazikubali darubini, ni sabadani za tundu tu. Na kwenye mita 10, nukta ya 10 ina kipenyo cha nusu milimita. Ukiwa na ndoto hizo usinunue hata ringi moja.

#37 Msomaji_Kimya
Nusu milimita na bila darubini. Mimi hata namba ya daladala siioni mpaka isimame.

#38 Rubani_wa_Tanga
Nimesoma uzi wote hamna aliyetaja upepo. Nairobi mchana upepo unaamka. Ukitoka kushoto unapeleka risasi kulia. Mbona rahisi?

#39 Mswahili_Ohio
Umeeleza kulia. .22 ni nyepesi na ya polepole, upepo wa kilomita 6 kwa saa, ule wa kutikisa majani tu, unaweza kuisogeza kama sentimita moja kwa mita 50. Lakini mtutu wa CZ unazungusha risasi kulia, na kwa mtutu wa hivyo upepo wa kushoto unapeleka risasi kulia na *chini* kidogo. Yeye anapiga juu.

#40 Rubani_wa_Tanga
Chini kidogo kwa upepo, juu kwa joto la baruti lako la #14. Jumlisha.

#41 Babu_Brno
Na mwinuko je? Nairobi iko juu mita 1,700 na kitu, hewa nyepesi. Bunduki ikiwekwa ziro Mombasa ikapandishwa Nairobi lazima ipige juu.

#42 Daktari_Namba
Babu, kwa mita 50 tofauti ni milimita moja au mbili. Kwa mita 600 ndiyo tungezungumza. Na bunduki yake haishuki Mombasa saa nane ya usiku na kurudi asubuhi.

#43 Babu_Brno
Nimeuliza tu. Vijana mna hasira.

#44 FundiTimazi
Turudi kwenye vyuma, maana naona watu wanaelekea mawinguni. MtutuMpya, ukinunua ringi mpya ya milimita 11 yenye pembe ya reli yako, ukaifunge hivi.

Bunduki tupu, umeihakikisha. Futa mafuta kwenye reli na ndani ya ringi kwa spiriti. Nusu za chini zikae, usikaze mpaka mwisho. Laza darubini ndani yake bila kufunika. Ikikaa imegusa pembezoni mwa ringi moja na kwingine kuna mwanga, ringi haziko mstari mmoja. Hapo kuna mawili: kuna wanaosaga ringi kwa fimbo ya chuma na unga wa kusagia mpaka zikubaliane, na kuna ringi zenye vibati vya plastiki ndani vinavyojizungusha vyenyewe, Burris wanazo. Mimi kama fundi napenda kusaga, lakini ringi nzuri haitaki kusagwa, na ukisaga vibaya umeitupa.

Kusimamisha msalaba: weka pima maji juu ya reli mpaka bunduki iwe sawa, kisha ning'iniza timazi mita 20 au 30 mbele, uzi mweupe, na uzungushe darubini mpaka mstari wima ulale juu ya uzi. Halafu kofia za ringi: kaza kwa kupishana, huku kidogo na kule kidogo, nafasi ya pande mbili ibaki sawa. Nguvu ya kukazia ni Nm (nyutoni-mita) 2 hivi, usizidi. Wengi wanapendekeza kati ya 1.7 na 2. Mtu mwenye alenki na mkono wa fundi gereji anafika Nm 5 bila kujua na bomba linabonyea. Skrubu za kofia za ringi usizitie gundi ya kuzuia skrubu zisilegee wala mafuta, nguvu itakudanganya.

#45 Mswahili_Ohio
Nakazia kusimamisha msalaba, ila kwa mita 50 kulala nyuzi moja huwezi kuona. Kwangu ambako napandisha dakika 15, nyuzi moja ya kulala inanitoa robo dakika pembeni, na duara la ndani kabisa kwetu ni nusu dakika.

#46 Wa_Muscat
Fundi, hiyo timazi umeitia makusudi, jina lako lipate umaarufu.

#47 MtutuMpya
Wakuu, mrejesho. Nilivuta rangi ya kucha (ya dada yangu, Msomaji_Kimya usianze). Nikahamisha boksi la risasi kivulini. Mwanachama mmoja akaniazima darubini yake yenye gurudumu la paralaksi, nikaifunga juu ya ringi zangu zile zile za bure.

Asubuhi katikati. Mchana limehama juu kulia kama sentimita 1. Kamstari ka kwenye bomba kako mzima. Kale ka kwenye reli, kwenye ringi ya nyuma, siwezi kuapa. Nikikaangalia kwa juu naona kamekatika, kwa pembeni naona kazima. Upepo ulikuwepo kidogo.

#48 Binti_Shabaha
Sentimita 1 imeondoka na paralaksi. Nilisema.

#49 Daktari_Namba
Au imeondoka na kivuli cha risasi. Umebadilisha vitu viwili kwa mpigo, sasa hatujui ni kipi.

#50 FundiTimazi
Na iliyobaki ni ringi ya nyuma. Piga picha hako kamstari kwa karibu, weka sarafu pembeni.

#51 Rubani_wa_Tanga
Iliyobaki ni upepo, amesema mwenyewe ulikuwepo.

#52 Babu_Brno
Hakuna aliyeuliza kitako. CZ yako ni ya mbao au plastiki? Mbao inanywa unyevu asubuhi na kukauka mchana, inasukuma mwili wa bunduki. Skrubu mbili za chini zinazoshika mwili kwenye kitako, umezikaza lini na kwa nguvu gani?

#53 MtutuMpya
Ya mbao. Sijawahi kuzigusa tangu itoke dukani.

#54 Mswahili_Ohio
Babu kaja na mpya. Jumamosi kaza hizo kwanza na *usiguse kitu kingine chochote*, halafu uje na picha. Na mbebee Binti rangi ya kucha nyingine, hiyo ya dada yako imeisha.